Injini ya ndege ya modeli huchemka chini kuliko angani

Injini ndogo ya ndege ya modeli inaweza kuruka robo saa nzima kwenye jua la saa saba bila kulalamika. Ifunge kwenye meza ya majaribio, ipige resi kamili kwa dakika tatu, na mara inapungua nguvu, inazima yenyewe, inagoma kuwaka tena. Injini ni ileile, mafuta ni yaleyale, propela ni ileile. Jibu linalokuja haraka ni kwamba chini hakuna upepo wa kutosha. Lina ukweli nusu. Nusu ya pili ndiyo inayowashinda watu: wanatoboa tundu kubwa mbele ya boneti, wanaleta feni, wanabadilisha plagi, na injini inaendelea kuchemsha.

Nitatumia mfano wa injini ambayo wengi huanza nayo: ya mipigo miwili, ya sentimita za ujazo 7.5 hivi, ambayo wauzaji huiita 46 kwa sababu ni inchi za ujazo 0.46. Inakunywa methanoli iliyochanganywa na oili na, mara nyingi, nitromethani kidogo. Haina koili wala cheche. Plagi yake ina waya mwembamba wenye platinamu ambao hupashwa kwa betri wakati wa kuwasha. Injini ikishashika, betri inaondolewa, na waya unabaki mwekundu kwa joto la mwako na kwa tabia ya platinamu ya kuchochea mvuke wa methanoli uungue. Mmarekani Ray Arden ndiye aliyeziingiza plagi za aina hii sokoni mwaka 1947, na kimsingi hazijabadilika.

Ubaya wake ni kwamba hakuna kifaa kinachopanga wakati wa kuwaka. Joto lenyewe ndilo linalopanga. Kichwa cha silinda kikipata moto kupita kiasi, mchanganyiko unawaka mapema zaidi, pistoni ikiwa bado inapanda. Nguvu inapungua na joto linazidi, na joto hilo linawasha mapema zaidi tena. Ndiyo maana injini hizi hazichemki polepole kama gari lenye rejeta inayovuja. Zinavumilia, zinavumilia, kisha zinaanguka kwa sekunde chache.

Mafuta ndiyo kipozeo cha kwanza

Mapezi yaliyozunguka silinda yanaonekana kwa macho, kwa hiyo kila mtu hufikiria hewa. Lakini kazi kubwa ya kupoza hufanyika ndani, na anayeifanya ni mafuta. Kilo moja ya methanoli inahitaji takriban kilojuli 1,100 ili igeuke mvuke. Petroli inahitaji kama 350 tu. Ongeza na hili: kilo moja ya methanoli hutosheka na kilo 6.4 za hewa ili iungue yote, ilhali petroli inataka 14.7. Maana yake, kwa hewa ileile inayoingia, injini ya methanoli humeza mafuta zaidi ya mara mbili, na kila tone hufyonza joto mara tatu. Ukizidisha, methanoli inapoza takriban mara saba ya petroli kwa kila kilo ya hewa.

Tena katika injini ya mipigo miwili mafuta hayaendi moja kwa moja kwenye kichwa. Hupita kwanza kwenye tumbo la injini, yakilowesha beringi, shafti na mkono wa pistoni, ndipo yapande juu. Oili iliyomo, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18 hadi 20, haiungui yote. Sehemu kubwa hutoka kwenye ekzosi ikiwa imebeba joto. Ule mtelezo unaoufuta kwenye bawa baada ya kuruka ni joto lililotolewa nje.

Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini injini inachemsha chini, angalia sindano ya kabureta, yaani skrubu inayopima mafuta yanayoingia, kabla ya kitu kingine chochote. Ukiikaza, mafuta yanapungua, mzunguko unapanda, sauti inakuwa safi na kali, na masikio yanafurahi. Hapo ndipo penye mtego. Pale kileleni, injini inapozunguka kwa kasi kuliko pote, ndipo inapokaribia kabisa kukosa mafuta ya kuipoza. Mtu anayeweka sindano kwa kufuata sauti tamu ataiunguza injini yake huku anatabasamu.

Desturi ya wazoefu ni kutafuta kilele hicho kwa resi kamili, kisha kufungua sindano hadi mzunguko ushuke kwa mia mbili, mia tatu hivi kwa dakika. Upungufu huo ni akiba. Ndege ikishapaa, propela inapata wepesi, injini inazunguka haraka zaidi kuliko chini, na mchanganyiko unapungua mafuta wenyewe. Aliyeweka kileleni akiwa chini hana tena pa kwenda.

Namna ya kuhakikisha akiba ipo ni rahisi. Injini ikiwa kwenye resi kamili, bana mpira wa mafuta kwa vidole kwa nusu sekunde, kisha achia. Mzunguko ukipanda kidogo kabla ya kushuka, akiba ipo. Ukidondoka papo hapo, injini imenyimwa mafuta na hata feni ya ukumbi haitaiokoa. Halafu msaidizi aishike ndege imara na kuinua pua yake juu, kwa sababu angani itapanda hivyo: resi isishuke. Kazi yote hii hufanywa ukiwa umesimama nyuma ya propela. Mkono usivuke mbele yake hata kama sindano iko karibu kiasi gani.

Upande wa pili nao una sauti yake. Injini iliyoshibishwa kupita kiasi inaruka zamu: inawaka mzunguko huu, inakosa unaofuata, na mlio wake unakuwa mzito wa kubwabwaja. Kwa injini mpya yenye ringi, yaani pete inayoziba kati ya pistoni na silinda, hiyo ni sauti ya kawaida ya siku za mwanzo. Kwa aina nyingine ya injini ni hasara, na nitairudia.

Ishara ya kuchemka haianzi na moshi wala harufu. Huanza na resi kushuka taratibu ilhali hakuna aliyegusa kitu. Ukisikia hivyo, punguza resi mara moja na ufungue sindano. Usisubiri uone itaishia wapi.

Upepo wa propela si upepo wa kuruka

Sasa tuje kwenye hewa. Chukua propela ya 11 kwa 6, yaani kipenyo cha inchi 11 na hatua (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) ya inchi 6, inayovuta kwa nguvu ya kilo 2.5 huku ndege imefungwa. Hesabu ya msingi ya propela inatoa upepo wa wastani wa mita 13 hivi kwa sekunde kwenye duara lake. Ndege hiyohiyo ikiruka kwa mita 25 kwa sekunde, injini inapata upepo wote wa kuruka pamoja na nyongeza ya propela. Presha inayosukuma hewa ipite kati ya mapezi hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, presha ni mara nne. Hapo ndipo ukweli nusu wa jibu la haraka ulipo.

Lakini hizo mita 13 ni wastani wa duara zima, nao unaficha mambo. Karibu na kitovu, panga la propela ni nene na linakwenda polepole. Halisukumi hewa ya maana. Na matundu ya boneti nyingi yako hapohapo, pembeni mwa spina, kile kikofia cha katikati ya propela. Propela yenye hatua kubwa ina balaa jingine: ndege ikiwa imesimama, panga linakata hewa kwa pembe kali mno, hewa inaachana na mgongo wa panga, injini inabeba mzigo mzito na upepo unaorudi ni haba. Ndege ya mbio yenye propela ya hatua kubwa hutulia ikishapata mwendo, lakini chini inateseka. Kwa majaribio ya mezani weka propela ndogo au ya hatua fupi. Injini itazunguka kwa uhuru zaidi na joto litapungua.

Elekeza pua kwenye upepo wa asili. Watu wanajua hivyo kwa ajili ya kuruka, wanasahau wakati wa kunguruma chini. Upepo ukitoka nyuma, unapingana na ule wa propela na kurudisha hewa ya moto ya ekzosi mbele, injini ikaivuta tena. Na usiingurume juu ya mchanga au vumbi, kwani propela inanyonya kila kitu na kabureta nyingi za modeli hazina kichujio.

Boneti: tatizo liko nyuma

Injini iliyo wazi kwenye pua ya ndege ya mazoezi ni nadra ichemke ikiwa sindano iko sawa. Matatizo makubwa huletwa na ndege za kuiga, zenye boneti iliyofunika kila kitu ili ifanane na ndege halisi. Na hapa ndipo watu wanapotoboa mahali pasipostahili.

Mwaka 1928, kwenye maabara ya Langley huko Virginia, Fred Weick na wenzake wa NACA, shirika lililokuja kuwa NASA, waliifunika kwa boneti injini ya duara ambayo silinda zake hukaa wazi kwenye upepo. Ndege ya majaribio, Curtiss AT-5A, ilitoka kasi ya maili 118 kwa saa hadi 137, na injini ikaendelea kupoa. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya Collier, tuzo ya Marekani ya mambo ya anga, ya mwaka 1929. Somo lake kwa mwenye modeli ni kwamba kilichopoza hakikuwa wingi wa hewa. Hewa kidogo iliyolazimishwa kugusa chuma ilifanya kazi kuliko hewa nyingi iliyopita kando.

Hewa ikiingia kwenye boneti hutafuta njia nyepesi, na njia nyepesi ni nafasi tupu iliyo kando ya silinda. Katikati ya mapezi kuna msuguano, kwa hiyo haiendi huko kwa hiari. Unaweza kuwa na tundu la mbele la ukubwa wa ngumi na injini ikaungua, kwa sababu yote inapita pembeni. Dawa ni vibao vya kuziba: balsa (mbao nyepesi sana) au plaiwudi nyembamba inayojaza nafasi zote kuanzia tundu la mbele hadi kwenye silinda, ikiacha milimita tatu au nne tu kuzunguka mapezi. Anza na karatasi ngumu na utepe wa gundi, jaribu, kisha ukate ya kudumu. Ni kazi ya jioni moja, na kwa maoni yangu inafaa kuliko vifaa vingi vya kununua.

Halafu njia ya kutokea. Kanuni inayozunguka miongoni mwa warusha modeli husema tundu la kutokea liwe mara mbili au tatu ya lile la kuingilia, na sababu inayotolewa ni kwamba hewa ya moto hutanuka. Kanuni ni nzuri, sababu haitoshi. Hewa ikitoka nyuzi 30 hadi 80 za Selsiasi inatanuka kwa asilimia 16 au 17 tu. Hiyo haihalalishi mara mbili, seuze tatu. Kinachohitaji nafasi ni kwamba hewa imeshapoteza presha kwa kubanwa kati ya mapezi, na pale inapotokea pamejaa vizuizi: silensa, mipira ya mafuta, waya za servo (mota ndogo za kuongozea ndege), mlalo wa ukuta wa moto, yaani ubao unaobeba injini. Toa eneo la vitu hivyo kwenye hesabu yako na utakuta tundu ulilodhani ni kubwa ni finyu.

Chungulia kutoka nyuma, boneti ikiwa imefungwa, na tochi ikimulika kutoka mbele. Unaona mwanga kupitia mapezi, au unauona kando yake tu? Kisha bandika nyuzi fupi za sufi kwenye ukingo wa tundu la kutokea, washa injini na uziangalie ukiwa umekaa pembeni. Zikinyooka kwenda nje, hewa inapita. Zikining'inia, au mbaya zaidi zikinyonywa ndani, boneti yako ni chungu chenye kifuniko.

Ukingo wa mbele wa tundu hilo ukikunjwa nje kidogo, upepo wa propela unaopita juu yake huacha presha ndogo nyuma ya mkunjo na kuvuta hewa ya ndani. Ndege kubwa zinatumia mbinu hiyo kila siku. Cessna 206, zinazotua kwenye viwanja vya vumbi vya mbugani kwetu, zina vibao chini ya boneti ambavyo rubani hufungua akiwa chini na wakati wa kupaa, kisha anavifunga akishatulia angani. Na wakubwa nao wamewahi kunaswa: Spitfire za mwanzo, ndege za kivita za Uingereza, zilikuwa na rejeta chini ya bawa la kulia, na mguu wa tairi ukiwa umeteremshwa ulisimama mbele ya rejeta hiyo. Rubani aliyechelewa kuruka alikuwa anachemsha maji.

Baridi nayo inaua injini

Nilisema nitairudia injini isiyopenda kushibishwa. Ni ile inayojulikana kwa herufi ABC: pistoni ya alumini, silinda ya shaba nyeupe, na kromu iliyopakwa ndani ya silinda. Haina ringi. Silinda imebana kidogo juu kuliko chini, na ukizungusha propela injini ikiwa baridi unasikia inakwama na kulia juu kabisa. Shaba hiyo inatanuka zaidi ya alumini ya pistoni, ambayo ina silikoni nyingi, kwa hiyo silinda inafunguka na kukaa sawa pale tu injini ikishapata joto lake la kazi.

Matokeo yake ni kinyume cha tunavyodhani. Ukiinguruma injini ya ABC kwa tangi zima huku inabwabwaja mafuta, kwa hofu ya kuichemsha, unaifanya ifanye kazi ikiwa imebana. Pistoni inakwaruzwa juu, mkono wake unavutwa kila mzunguko, na baada ya muda ule ubanaji mzuri unakwisha. Aina hii huzoeshwa kwa vipindi vifupi vya dakika mbili tatu, sindano ikiwa karibu na mahali pake pa kawaida, kisha inaachwa ipoe kabisa kabla ya kipindi kingine. Injini ya ringi yenye silinda ya chuma ina tabia nyingine: pistoni yake ya alumini hutanuka kuliko silinda, hivyo joto likizidi inakaza hadi kukwama. Kabla ya kufuata ushauri wa mtu kuhusu injini mpya, jua kwanza anazungumzia ipi.

Kutoka Nairobi kwenda Mombasa

Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na huko hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, lakini pia injini inapata oksijeni kidogo na kuzalisha joto dogo, kwa hiyo mwinuko wenyewe haupaswi kukutisha. Cha kuangalia ni sindano. Iliyowekwa vizuri Mombasa, ikifika Nairobi itakuwa inatoa mafuta mengi kupita hewa iliyopo. Injini itabwabwaja, utaikaza kidogo, mambo yatakuwa shwari. Safari ya kurudi ndiyo yenye madhara. Sindano iliyokazwa Nairobi ikishuka pwani inakutana na hewa nzito na joto la nyuzi 32, na mafuta yaleyale sasa hayatoshi. Injini itawaka vizuri, italia vizuri, na itaungua. Anayeshuka pwani afungue sindano kwanza, ndipo awashe.

Kupima bila kujidanganya

Vipimajoto vya infraredi vya karakana ni rahisi kupatikana, lakini alumini inayong'aa huvidanganya: hutoa mionzi kidogo sana ya joto, na kipimo kinasoma chini kuliko hali halisi. Paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa kwenye kichwa cha silinda na upime hapo. Vile vya paji la uso tulivyovizoea wakati wa korona havifai, havifiki nyuzi hizo.

Wazee wa mchezo huu hutumia tone la maji. Zima injini, dondosha tone moja kichwani. Likichemka taratibu na kukauka kwa sekunde chache, uko nyuzi mia moja na kidogo, hali ya kazi. Likilipuka na kurukaruka bila hata kulowesha chuma, umepita mbali. Tazama pia oili inayotoka kwenye ekzosi: ikiwa angavu au ya rangi ya asali ni salama, ikiwa ya kijivu au nyeusi, imebeba vumbi la chuma. Mafuta ya nyonyo ambayo wengi huyapenda kwenye mchanganyiko yana sifa hapa, kwani yakipata joto kali huwa mazito na kung'ang'ania chuma badala ya kukimbia. Gharama yake ni utando wa kahawia unaobaki kwenye mapezi, nao ukizidi unazuia joto kutoka, kwa hiyo usafishe.

Injini za petroli, zinazotumiwa kwenye modeli kubwa, hazina ule mkono wa methanoli wa kupoza, hivyo kila nilichosema kuhusu vibao na tundu la kutokea kwao ni lazima. Za umeme hazichemki kwa mwako, ila zikiwa chini kwa resi kamili zinavuta ampea nyingi kuliko zikiruka, na kidhibiti cha mwendo kilichofichwa ndani ya bodi bila hewa huungua kabla ya mota.

Mwisho, kuzima. Injini ikizimwa ghafla kutoka resi kamili, mafuta baridi yanakoma na upepo unakoma kwa pamoja, ila joto la kichwa bado liko pale na linashuka kwenye kabureta. Mafuta yaliyobaki humo yanageuka mvuke, na hiyo ndiyo sababu injini ya moto hugoma kuwaka dakika mbili baadaye ilhali ya baridi inakubali. Ishushe kwenye resi ya chini kwa nusu dakika ndipo uizime, fungua boneti kama inafunguka, na ukiwa na haraka elekeza feni. Maji usimwage: silinda inaweza kupinda kwa kupoa upande mmoja, na beringi zitaanza kutu usiku huohuo.